"Very" Haigusi Kitenzi: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Vielezi vya Kiingereza

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu vielezi vya Kiingereza, hasa vile vinavyoelezea vielezi vingine. Nilidhani zitakuja barua tatu nne. Zimekuja nyingi, na nilipozitandaza barazani kwangu hapa Muheza nikaona karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: neno letu "sana" likae wapi katika sentensi ya Kiingereza? Nimefundisha somo hili miaka 31, Lushoto, Korogwe na Tanga mjini, na makosa ya "very" niliyoyasahihisha kwa kalamu nyekundu karibu yote yalitoka kwenye "sana". Mwanafunzi hakosei kwa kukosa akili. Kiswahili kimemlea na neno moja karimu, lisilokataa kazi, naye akivuka kwenda kwenye lugha ya pili analitafuta lile lile. Kule halipo. Kazi yake wamegawana maneno kadhaa, na kila moja lina mipaka yake.

*

Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja. Mgeni aliniuliza kama naipenda kazi yangu, nikamjibu "I very like it." Msimamizi wangu alikuwa hapo hapo, akanisahihisha mbele ya mgeni, na aibu ile ninayo mpaka leo. Lakini "very" si ndiyo "sana"? Nimejaribu "I like it very", wenzangu wanasema nayo si sahihi. Niseme nini?
Msomaji, Arusha

Marahaba, mwanangu. Kabla ya sarufi nikuambie hili: mtu mzima husahihishwa pembeni, mgeni akishaondoka. Aibu ile haikuwa yako.

Sasa tazama "sana" inavyoishi kwetu. "Naipenda sana", hapo imekaa na kitenzi. "Nyumba kubwa sana", imekaa na kivumishi. "Anatembea polepole sana", imekaa na kielezi. Nyumba tatu, na zote zinaifungulia mlango. "Very" inafunguliwa mbili tu, ya kivumishi na ya kielezi: "a very big house", "she walks very slowly". Kwenye kitenzi haiingii, si kwa mbele wala kwa nyuma. Ndiyo maana sentensi zako zote mbili zimegoma.

Ikitaka kufika kwenye kitenzi, "very" hutafuta mtu wa kumpitia, na mtu huyo ni "much": "I like it very much." Angalia nani amemshika nani. "Much" imeshika "like", na "very" imeshika "much". Hicho ndicho kielezi juu ya kielezi ambacho wengi wenu mmekiogopa katika barua zenu, na mmekuwa mkikitumia tangu chekechea bila kujua, kila mliposema "Thank you very much." Hakuna mtoto niliyewahi kumsikia akisema "Thank you very" halafu akanyamaza. Basi ukibabaika, jikumbushe hiyo shukrani, kisha pima sentensi yako kwayo.

Kama unataka neno linalotangulia kitenzi, lipo: "really". "I really like it." Hili linaingia nyumba zote tatu. Na ukitumia "very much", usiipenyeze kati ya kitenzi na kitu kinachopendwa. "I like very much my job" inasikika kama mtu aliyesahau njia katikati ya safari. Sema "I like my job very much", kazi kwanza, wingi wa mapenzi mwishoni, kama vile "naipenda kazi yangu sana".

Nikuongezee kitu ninachokipenda katika neno hili. Baba yangu alikuwa na kitabu cha sala cha Kianglikana cha Kiingereza, kimechakaa jalada, na katika Kanuni ya Imani mlikuwa na maneno "Very God of very God". Nilikuwa msichana mdogo na nikajiuliza, Mungu sana? Nilikuja kujua baadaye kwamba "very" iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, mnamo karne ya 13, na maana yake ilikuwa "kweli". Wafaransa wa leo bado wanalo katika "vrai". Maneno yale ya sala ni Mungu wa kweli. Waingereza wakaanza kusema kitu ni kikubwa cha kweli, polepole cha kweli, na kwa karne nyingi ukweli ukafifia ukabaki uzito peke yake. Sasa sikiliza mtu wa kwetu anavyomsifu mwimbaji: "Anaimba vizuri kweli kweli." Kweli ile ile, kwa kazi ile ile. Waliofika huko hawakuwasiliana na sisi, na wamepita njia yetu.

*

Mwalimu, heshima yako. Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Walipewa sentensi: "After the rain, the driver drove very much more carefully." Waliambiwa wataje vielezi. Akaandika kimoja, "carefully". Mwalimu wake akaandika pembeni kwamba viko vinne. Mimi nilifundishwa kwamba kielezi huelezea kitenzi na huishia na "-ly". Hao watatu wengine wameingiaje?
Mama wa watoto watatu, Mbeya

Mama, umefundishwa nusu ya somo, na nusu hiyo ni sahihi. Kielezi huelezea kitenzi. Pia huelezea kivumishi, na pia huelezea kielezi kingine. Mwalimu wa binti yako amehesabu vyema.

Suala la mkia wa "-ly" tulimalize upesi. "Fast", "hard", "well", "soon", "often", "too", "quite", "almost" na hiyo "very" yenyewe ni vielezi na havina mkia huo. Halafu "friendly" na "lovely" zina mkia, na ni vivumishi. Kielezi mtambue kwa kazi anayoifanya, usimtambue kwa mkia. Na watoto waache kuandika "fastly".

Sasa hiyo sentensi. Mwaka mmoja nikiwa Korogwe nilikuwa na darasa la kidato cha pili lenye watoto zaidi ya 60, na somo hili lilikuwa haliingii. Nikaacha chaki. Nikaita watoto watano mbele, kila mmoja nikamtundikia karatasi shingoni: "very", "much", "more", "carefully", na wa tano, kijana mrefu kuliko wote, "drove". Nikamwambia "carefully" amshike "drove" bega. "More" amshike "carefully". "Much" amshike "more". "Very" amshike "much". Wakawa kama watoto wanaocheza gari moshi.

Nikauliza darasa: nani kamshika dereva? "Carefully" peke yake. Wale wengine hawamjui hata dereva, kila mmoja anamjua wa mbele yake tu. Nikamtoa "very". Darasa likasoma: "drove much more carefully". Imesimama. Nikamtoa "much": "drove more carefully". Imesimama. Nikamtoa "more": "drove carefully". Bado imesimama. Nikawarudisha wote, kisha nikafanya kinyume, nikamtoa "carefully" na kumwacha "more" amshike dereva mwenyewe. "Drove very much more." Hapo wakaanza kubishana, kwa kuwa sentensi ipo lakini habari imebadilika: sasa dereva ameendesha kwa wingi zaidi, uangalifu hatuusikii tena.

Lakini kilichowafundisha kuliko vyote sikukipanga mimi. Mtoto wa "much" aliomba ruhusa kwenda msalani. Alipotoka, "very" akasogea akamshika "more" ili mstari usikatike. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima alikuwa hajanyoosha kidole, akasimama akasema, "Madam, hawa wawili hawawezi kushikana." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Inasikika vibaya." Alikuwa amelisikia kwa sikio lake kabla ya kanuni kumfikia: "very more carefully" haisemwi. Mbele ya "more", na mbele ya maneno ya kulinganisha kama "faster" na "better", "very" haikai. Inakaa "much", au "far", ambayo ni mbali ile ile tunayoisema sisi: "amemshinda kwa mbali", "far faster". Tukamsubiri "much" arudi.

Mama, fanya hivyo na watoto wako watatu sebuleni. Wewe uwe "carefully", na kiti kiwe dereva.

*

Shikamoo Madam. Niliandika kwenye insha "My father works hardly" nikakatwa alama. Baba yangu ni mkulima, anaamka saa kumi alfajiri. Kosa liko wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Bukoba

Marahaba. Umemnyima mzee haki yake bila kukusudia. "Hardly" haina uhusiano na bidii, maana yake ni "ni kama hafanyi". Msomaji Mwingereza ameelewa kwamba baba yako hafanyi kazi. Bidii ni "hard", bila mkia, na unaweza kuipandishia "very": "My father works very hard."

"Hardly" iweke akiba kwa kazi yake nyingine, kukaa mbele ya "ever": "He hardly ever rests", yaani ni nadra sana kupumzika. Usiandike "hardly never". Ukanushi umo ndani ya "hardly" tayari, kama ulivyomo ndani ya "nadra". Nasi tukisema "ni nadra kuchelewa" hatuongezi "kutochelewa".

*

Mwalimu, naangalia sana filamu za Kiingereza. Nimesikia mtu akisema "It went terribly well." Kamusi inasema "terribly" ni vibaya, na "well" ni vizuri. Iliendaje sasa?
Kijana wa Temeke

Iliendaje? Ilienda vizuri ile mbaya.

Umeona mwenyewe. Unapomwambia rafiki yako "umependeza ile mbaya", au "jamaa anacheza kinoma", hakuna anayeogopa wala anayetafuta ubaya uko wapi. Neno lililotisha limechoka kutisha, limebaki na nguvu peke yake. Kwa Kiingereza yaliyopita njia hiyo ni "terribly" na "awfully", na yakikaa mbele ya kielezi kingine, chukua nguvu yake uache maana yake ya zamani. Yakisimama peke yake baada ya kitenzi, ubaya hurudi: "He sang terribly" ni aliimba vibaya kweli. "He sang terribly well" ni sifa. Kwa hiyo tazama kama ameshika bega la mtu.

Nikutahadharishe: kama vile usivyoandika "kinoma" kwenye barua ya kuomba kazi, usiandike "terribly well" humo. Andika "very well" au "extremely well".

*

Habari za huko Mwalimu. Nasoma shahada ya pili Leicester. Msimamizi wangu aliandika kwenye rasimu yangu "You argue this quite well." Nikampigia simu mama nyumbani kumpa habari njema. Mwenzangu Mwingereza aliposoma akasema nisifurahi sana. Kwani "quite" si "kabisa"?
Msomaji, Uingereza

Njema, mwanangu. Pole, lakini mwenzako amekuambia ukweli. "Quite" ni neno lenye nyuso mbili, na ni moja ya maneno niliyoyafundisha kwa tahadhari kubwa kwa sababu linaumiza watu mbali na nyumbani.

Mbele ya kitu kisicho na ngazi, kitu ambacho kipo au hakipo, ni "kabisa" kweli: "quite right", "quite impossible". Lakini mbele ya kitu chenye ngazi, kama "well" au "slowly", Mwingereza analitumia kwa maana ya "kiasi". Sisi tuna neno linalomtosha sawasawa: si haba. "Umejenga hoja si haba." Mwanafunzi wa kwetu akiambiwa kazi yake si haba, hulala usingizi mzuri, lakini hajui bado kama ameshinda. Mmarekani akiandika maneno yale yale huenda amekusifu zaidi, kwa kuwa kwao "quite" ina uzito mkubwa kidogo. Kwa hiyo jua kwanza msimamizi wako ametoka upande gani wa bahari.

Ukisoma maoni yake yanayofuata, nikupe vipimo. "Fairly well" ni ya kuridhisha, karibu na hiyo "quite". "Rather well" na "pretty well" zimepanda kidogo, na "rather" mara nyingi ina mshangao ndani yake, kama mtu aliyetarajia pungufu. "Very well" unampigia mama. "Extremely well", mpigie mama hata kama ni usiku wa manane.

Na wala hukumdanganya mama. Si haba ni njema.

*

Mwalimu, "I speak English enough well" ina kasoro gani? Mhariri wetu ameikata.
Msomaji, Mombasa

Badilisha nafasi tu: "well enough". Maneno haya mengi hutangulia, lakini "enough" hufuata nyuma. Nalifurahia kwa sababu hapa, mara moja, Kiingereza kimekaa upande wetu. Sisi tunasema "vizuri vya kutosha", kutosha nyuma. Fuata Kiswahili chako neno kwa neno nawe utapatia: "early enough", mapema vya kutosha, "slowly enough", polepole vya kutosha.

*

Assalam aleykum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa nne sasa, dereva. Nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya kuendesha gari la familia. Wakaniuliza ninaendeshaje. Nikasema kwa kujiamini, "I drive too carefully." Yule bwana akanitazama, akaandika kitu, akauliza, "Why too?" Sikumwelewa. Kazi sikupata. Nilikosea nini?
Msomaji, Oman

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umekosa kazi kwa kujisifu kwa ukweli.

Kilichokuponza ni "mno". Kamusi nyingi zikifika kwenye "mno" zinaandika "too", na hazikosei, kwa kuwa "mno" asili yake ni kupita kiasi. Lakini sisi tumeilainisha. Tunasema "anaimba vizuri mno", "mtoto mwema mno", na hapo hatulalamiki, tunasifu. "Too" haijalainika hivyo. Ukisikia "too", ujue kuna kiasi kilichowekwa na mtu amekipita, na kuna hasara inayofuata: "too late", basi limeshaondoka, "too slowly", chakula kimepoa. Yule bwana alisikia kwamba unaendesha kwa uangalifu uliopita kiasi. Akamwona dereva anayesimama kila kona, watoto wanafika shuleni kengele imeshalia. Alipouliza "Why too?" alikuwa anakupa nafasi ueleze hasara hiyo inatoka wapi, nawe hukuwa na hasara ya kueleza.

Kabla hujasema "too", jaribu kuimalizia sentensi kimoyomoyo kwa "hata ikaleta tabu". Kama tabu ipo, "too" ni yako. Kama huna tabu, ila una sifa, sema "very". Na ikiwa kweli unalalamika na unataka kukaza, usiseme "very too". Wale wale wa Korogwe ndio wanaorudi hapa, "much" na "far": "He drives much too fast", "They came far too late." Wao ndio wanaoshika bega la "too".

Umeniambia una usaili mwingine baada ya wiki mbili. Nimekuandalia sentensi moja yenye jozi mbili za vielezi, zote za kweli kutokana na ulivyojieleza: "I drive very carefully, and I hardly ever arrive late." Naendesha kwa uangalifu sana, na ni nadra mno kuchelewa. Isome kwa sauti ukiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, hadi "hardly ever" itoke bila kukwama. Wakikuuliza Kiingereza chako kikoje, wajibu "Well enough, and I am learning very fast", kisha tuandikie walisemaje.